Ombi la Kwanza la Dentu

*Ngomeni, juu ya mto Tonzo. Siku ya tano ya mwezi wa kuvuna shayiri, mwaka wa kumi na tisa wa Mfalme Tarusin.*

Dentu, mdogo wangu, mtoto niliyepewa bila kuzaa,

Mimi ni mzima. Wewe sijui, maana mtu anayekula samaki kila siku huwezi kujua kinachoendelea tumboni mwake. Farasi ni wazima. Yule jike mwekundu wa marehemu baba amezaa dume lenye doa jeupe usoni, na kila aliyeliona anasema limefanana na wewe, hasa masikio. Paa la ghala lilivuja, likazibwa, likavuja tena.

Bamba lako la madini ya risasi lilifika likiwa limekunjwa ndani ya kiatu cha Pitro mpiga kasia, kwa hiyo nimelisoma nimeziba pua. Karani Myunani wa hapa ngomeni alilitazama kwanza, akaona herufi ni za kwao lakini maneno si ya kwao, akasema hiyo ni takataka tu. Nikamwambia ndivyo mdogo wangu alivyo. Wetu nao hawajui kusoma. Basi mimi na wewe tuseme tunachotaka, hakuna wa tatu duniani.

Naomba tini kavu, kapu zima. Naomba dawa ya kikohozi, ile ya Wayunani yenye asali. Naomba na shanga za buluu, za kwangu mimi. Unaona ninavyoomba bila kupepesa macho? Sisi Waodrisi ndivyo tulivyo: mwenye aibu si anayeomba, ni aliyeombwa akanyima. Lakini wewe tangu wakupeleke Aino kuwa rehani ya amani, amani ikavunjika ukabaki hukohuko kuwatafsiria wauza divai, hujawahi kuniomba hata uzi. Juzi Mezena, bi mkubwa wetu, aliniuliza mbele ya watu, "Ndugu yako kakuomba nini safari hii?" Nikaona haya. Watafikiri tumegombana. Nikadanganya kwamba umeomba kofia ya ngozi ya mbweha. Kwa hiyo nakutumia kofia ya ngozi ya mbweha. Ivae.

Sasa neno lenyewe. Dawa ni ya mfalme. Amekohoa tangu theluji ilipoyeyuka, na wale waliokuwa wakimpenda kidogo wameanza kumpenda sana. Mke wa kati anamkanda miguu mara tatu kwa siku. Usijifanye umesahau mambo ya kwetu: kila asubuhi mfalme akitoka nyumbani kwa mke, hutumbukiza jiwe katika mtungi wa mke huyo, jeupe kama alipata raha, jeusi kama alipata karaha. Siku akifa, wazee huimwaga mitungi. Mwenye meupe mengi ndiye aliyependwa, naye ndiye anayelala kaburini pamoja naye, na kisu hushikwa na ndugu yake wa kiume aliye karibu kuliko wote.

Mtungi wangu umejaa hadi shingoni. Na ndugu yangu wa karibu unamjua. Sisemi zaidi. Lete tini.

Dada yako,
Ziaka

*Aino, mlangoni mwa mto Hebro. Siku ya ishirini ya mwezi wa kuanika tini.*

Dada yangu Ziaka,

Shikamoo nyingi kutoka huku penye chumvi. Mimi mzima, na nyumba nzima ni nzima, yaani mimi na paka.

Tini hizo, kapu zima. Dawa iko ndani ya kibuyu chekundu. Apewe kijiko kimoja asubuhi, kingine jua likizama, asinywe kama divai. Shanga nimezichagua mwenyewe, na mwenye duka alinicheka kwa sababu nilikataa tano kabla sijakubali moja. Kofia ya mbweha niliivaa siku ileile, katikati ya kiangazi, nikapita nayo sokoni jasho likinitiririka mpaka shingoni. Wauza vitunguu walinifuata wakibweka. Lakini uliniambia nivae, nikavaa.

Msimu wa vibua umeanza. Wanapita hapa mlangoni wengi hata ukitupa kapu majini linarudi limejaa. Huku huwakausha juani, wengine huwatia chumvi ndani ya mitungi mirefu, wengine huwachoma hivihivi na majani ya mbei yenye harufu nzuri. Mwanzo nilikuwa siwezi kuvumilia harufu. Siku hizi siisikii tena, na nadhani ndiyo maana watu wa milimani hawapendi kukaa karibu nami.

Nimesikitika kusikia mfalme anakohoa. Lakini yule mtu ana mwili wa fahali, alishaanguka na farasi mara ngapi? Atatuzika sote. Usishughulike sana na mitungi.

Lile dume la farasi mpe jina. Usimpe la kwangu.

Sina cha kuomba, dada. Nina kila kitu.

Dentu

*Ngomeni. Siku ya nane ya mwezi wa kukanyaga zabibu.*

Dentu wangu,

Salamu kutoka kwa kila mtu, hata kwa mke wa kati, ambaye hakukusalimu lakini alikula tini zako kumi na nne. Mezena amekuombea kwa mungu wetu Mpanda Farasi akulinde na maji ya bahari. Mimi nimeugua jino, likang'olewa, sasa nacheka upande mmoja.

Mwaka huu zabibu ni nyingi, miguu ya wasichana wote ni myekundu hadi magotini. Dawa yako ilimsaidia mfalme siku sita. Siku ya saba alirudi kukohoa kama zamani, na sasa hapandi farasi, wanamtembeza kwa gari la ng'ombe naye anawatukana njia nzima. Juzi kwenye karamu ya divai mpya aliketi mwenyewe akaukata mkate, akaanza kuwarushia watu vipande kama desturi. Cha kwanza hakumrushia mwanawe Bithu, wala mkuu wa farasi. Alinirushia mimi. Kilinipiga kifuani, Dentu, na ukumbi wote ukanigeukia. Mezena alitazama sahani yake.

Nitakuambia kweli, kwa kuwa hakuna mwingine wa kusoma: nilifurahi. Baba yetu alikuwa mtunza farasi, mtu wa kufagia kinyesi. Leo wazee wanasimama nikipita. Siku wakiimwaga mitungi, jina la baba litaitwa mbele ya ukoo mzima wa kifalme wa Teres, na wewe utapewa farasi kumi na wawili na kiti cha pili kutoka kwa mfalme mpya. Nani katika nyumba yetu aliwahi kukalia kiti? Na yule anayeshindwa, unajua yanayompata. Huvunjiwa mtungi wake mlangoni, na maisha yake yote mkate humfikia wa mwisho.

Nimempa Pitro kisu cha baba, kile chenye mpini wa pembe. Nimekifunga kwa kitambaa cha katani nilichofuma mwenyewe. Kinoe, lakini usikinoe mbele ya watu, watauliza.

Niandikie upesi. Na safari hii usiniandikie habari za samaki.

Ziaka

*Aino. Siku ya pili ya mwezi wa kupanda ngano.*

Dada,

Mimi mzima. Paka mzima. Pole kwa jino.

Upepo wa kaskazini umeanza, na vibua wamekwisha, sasa ni zamu ya mikunga. Huyu ni samaki kama nyoka, lakini ukimchuna ngozi ana nyama tamu...

Samahani. Ulisema nisiandike samaki.

Kisu kimefika.

Nimekaa na bamba hili siku tatu. Wewe unajua nilivyokuwa mama alipofariki: sikuwa na meno. Wewe ulikuwa na miaka tisa, ukawa unatafuna nyama kisha unanitia kinywani. Baba alikuwa akisimulia jambo hilo kila akilewa, na kila mara analia, nasi tunamcheka. Juzi nimelikumbuka nikiwa kazini, katikati ya kumtafsiria mfanyabiashara mmoja wa kutoka kwetu, nikanyamaza. Myunani akaniuliza, "Amesema nini?" Nikasema, sijui, sikusikia.

Nauliza tu, dada, si kwamba nimeamua jambo: mtu asipokuja inakuwaje? Kazi ni nyingi kipindi hiki, meli za mwisho zinapakia divai, na mto unaweza kuganda mapema. Kama ndugu yuko mbali hakufika, si basi? Si wanamwacha yule mwanamke?

Nauliza tu.

Dentu

*Ngomeni. Theluji ya kwanza, mwezi wa kuchinja nguruwe.*

Dentu,

Salamu ni zilezile. Nimekasirika, kwa hiyo nitakuwa mfupi, ingawa Pitro anasema nikikasirika ndipo bamba linakuwa zito.

Hapana, hawamwachi. Ndugu wa karibu asipokuwapo, kisu humwendea anayemfuata. Anayekufuata wewe ni Skorilo, mtoto wa baba mdogo. Ameshahamia hapa ngomeni, yuko kibandani kwa wapishi, anauliza kila asubuhi hali ya mfalme kama mtu anayengoja ng'ombe azae. Anataka wale farasi kumi na wawili. Umesahau mkono wake? Yule hata kondoo humchinja mara mbili. Mwaka jana nguruwe alimkimbia na kisu kikiwa shingoni, watoto wakamkamatia kule mtoni.

Unadhani ukikaa huko na samaki wako umeniokoa. Umeniachia Skorilo.

Mfalme hatoki kitandani tena. Ananishika kidole kimoja, hiki kidogo, anashinda nacho. Ni mtu mwema, Dentu. Ameua watu wengi, lakini kwangu amekuwa mtu mwema, na sina neno baya la kusema juu yake.

Leo nilikwenda zizini kumwona yule dume. Nimemwita Masikio. Nikamuuliza mtunza farasi ni lini atafungwa tandiko, akasema labda baada ya masika mawili. Nikajikuta naanza kuhesabu kwa vidole. Nikaacha kuhesabu. Nimekuandikia hili tu kama habari ya farasi, usilitafutie maana.

Sasa sikiliza. Mimi nimekuomba tini, nimekuomba dawa, nimekuomba shanga, na hukuninyima. Nakuomba la mwisho. Uje wewe. Uje na kisu cha baba. Mkono wako ni mwepesi, nilikufundisha mwenyewe kushika kijiko. Kama lazima, na iwe mkono ninaoufahamu. Umeombwa, Dentu, na wewe ni Mwodrisi hata ukinuka chumvi.

Halafu, Pitro anasema kamba ya uani kwako ilikuwa imeanikwa nguo ndogo ndogo. Siku hizi paka wako anavaa nguo?

Dada yako,
Ziaka

*Aino. Mwezi wa siku fupi, siku ya kumi na nne. Kwa mkono wa mpanda farasi, si Pitro. Mto hauaminiki tena.*

Dada yangu,

Nimesimama kuandika haya kwa sababu nikikaa nitaahirisha.

Paka hana nguo. Paka hayupo. Yuko mwanamke anaitwa Mirto, binti wa mtengeneza nyavu, na yuko mtoto wa kike wa miezi minane. Pitro ana mdomo, lakini safari hii namshukuru.

Kwa nini nilikuficha? Si kwa kuwa Mirto ni Myunani. Nilijiambia hivi: Ziaka akijua nina mke na mtoto, atasema basi, mtoto wangu amepata watu wake, hanihitaji tena, naweza kwenda. Nilitaka ufikiri niko peke yangu na paka, ili uwe na wasiwasi juu yangu. Maana wewe ukiwa na wasiwasi na mtu huwa hufi. Nilikuwa mjinga, lakini ndivyo nilivyofikiri.

Kisu cha baba nakiri kosa. Nilikiweka juu ya rafu ya jikoni, nikatoka. Niliporudi Mirto alikuwa amekwisha kuparua nacho samaki kapu zima. Akaniambia, "Kisu chako hiki kitamu kweli, umekitoa wapi?" Sikuweza kumwambia. Nilikaa kizingitini, nikacheka, kisha nikalia, naye akadhani ni kwa sababu ya mpini, akaenda kuuosha mara tatu. Baadaye nilimwambia yote. Alikwenda akamchukua mtoto akaniwekea mapajani.

Mtoto hana jina. Mirto anamwita Dagaa, kwa kuwa ni mdogo na hatulii. Nimemwambia kwetu baba hampi mtoto jina wala mama hampi. Shangazi ndiye, akiwa amempakata, kwa kinywa chake mwenyewe. Miezi minane Mirto ananiuliza huyo shangazi anakuja lini, nami nambabaisha.

Umeniomba nije. Siwezi kukunyima. Natoka kesho kutwa, nakuja na kisu, kinanuka lakini nakuja nacho.

Lakini nami naomba. Umenilalamikia miaka mingapi kwamba siombi? Wayunani walinifundisha kwamba kuomba ni unyonge, nami nikawasikiliza. Nimewasikiliza vya kutosha. Ziaka, binti wa mama yangu, uliyenitafunia nyama, hili ndilo ombi langu la kwanza kwako, na hata usiponipa lingine maisha yangu yote sitanung'unika: nakuomba uishi.

Sijui utafanyaje. Mitungi ni yenu, wazee ni wenu, sina akili ya kukupa. Najua tu kwamba umeombwa. Mimi nimekubali la kwako. Tuone kati yetu wawili nani atakayenyima.

Mdogo wako,
Dentu

*Kipsela, nyumbani kwa muuza magogo. Mwezi wa barafu, sijui siku.*

Dada,

Hebro umeganda nusu. Juu ni barafu isiyoweza kubeba farasi, chini ni maji yasiyopitisha mtumbwi. Niko hapa siku tisa. Nimejaribu kuvuka mara mbili, mara ya pili walinitoa kwa kamba, na muuza magogo amenifichia viatu ili nisijaribu ya tatu.

Jana wapanda farasi walifika ng'ambo wakapaza sauti kwamba Mfalme Tarusin amelala. Niliwauliza kwa sauti mpaka koo likakauka: na mke, ni mke yupi? Upepo ulikuwa mkali. Walinipungia mikono wakaondoka.

Huyu mvulana wa muuza magogo ni mwepesi, anasema anajua mahali barafu inaweza kumbeba. Nimempa kofia ya mbweha. Naandika kana kwamba upo.

Ziaka, nilikuja. Ujue kwamba nilikuja.

Dentu

*Ngomeni. Siku ya kumi na mbili tangu kuzikwa Mfalme Tarusin, mwaka wa kwanza wa Mfalme Bithu.*

Dentu, mtoto wangu,

Kaa chini kwanza. Unaona ni mwandiko wangu. Basi pumua.

Mimi mzima. Farasi wazima. Masikio amemng'ata Skorilo. Yule kijana wako alifika na pua imekuwa ya buluu, kofia imemfunika mpaka mdomoni. Nimempa supu, amelala karibu na jiko anakoroma kama mzee.

Mfalme alikufa akiwa ameshika kidole changu. Walimlaza ukumbini siku tatu kama ilivyo desturi, tukalia, kisha watu wakaanza kula na kunywa na kushindana kwa farasi. Mitungi mitatu ilikuwa imepangwa vyumbani mwetu, ingoje kumwagwa siku ya tatu. Nilikuwa nimevaa shanga zako. Nilikuwa nimejitengeneza nywele. Nilikuwa nimekubali, Dentu, au nilijiambia nimekubali, na Skorilo alikuwa ameketi nje ya mlango wangu ananoa.

Asubuhi ya siku ya pili mpanda farasi wa Aino, aliyevuka kabla mto haujaganda akacheleweshwa na theluji, akafika na bamba lako.

Nilisoma mara moja. Sikuweza kusoma mara ya pili, macho yalijaa. Nililitia kifuani, ndani ya nguo, nalo ni baridi, nikakaa nalo. Nilikukasirikia sana. Miaka yote huombi, kisha siku unayoomba unaomba kitu kama hicho! Nikinyima, nimeaibika mbele yako. Nikitoa, nimeaibika mbele ya Waodrisi wote. Nikawa nimekaa pale nauma ushanga.

Alasiri watu wote walikuwa chini kwenye mbio. Mezena akaingia. Akaketi sakafuni, yeye bi mkubwa, magoti yakamlia.

"Ziaka, mwenzangu, nimekuja kuomba."

"Omba, bi mkubwa."

"Nipe mawe yako meupe."

Nikamwangalia. Nikasema, "Yote?"

"Usinibanie. Yatoshe kunipitisha."

Nikamwambia hajui anachosema. Akanijibu anajua kuliko mimi. "Kesho kutwa mwanangu Bithu anakaa kwenye kiti cha Teres," akasema. "Wakikuita wewe, watu watasema mfalme alimpenda binti wa mtunza farasi kuliko aliyemzalia mrithi. Na huyo Skorilo wako hapo nje, mpe farasi na kiti uone kama mwaka utaisha hajaanza kuwakusanya wasioridhika. Mwanangu ataanza kutawala kwa vita. Wakiniita mimi, hakuna wa kufungua mdomo." Akawa anachezea upindo wa nguo. "Halafu, mimi nilimpenda kabla yenu nyote. Nilimpenda hajawa mfalme. Alikuwa na chunusi, Ziaka! Uso mzima! Mwaka ule hakukuwa na desturi ya mtungi kwangu, alikuwa hana hata mtungi. Mawe ya siku zile nani aliyahesabu?"

Nilimwambia, "Bi mkubwa, mimi sikuletei kifo kwenye kapu."

Akasema, "Nani amekuomba kifo? Nimekuomba mawe. Unaninyima?"

Wawili mmeniomba siku moja, Dentu, na hamjawahi kuonana. Nililitoa bamba kifuani nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho. Kwenye habari ya Dagaa akacheka hadi akakohoa, kisha akajifuta uso akasema, "Basi inuka, tunapoteza jua."

Tuliyahamisha kwa vikapu vya sufu, tukiweka manyoya juu, mbele ya pua ya Skorilo. Safari nne. Mezena alimwambia, "Sogeza miguu, we kijana, wanawake wana kazi." Akasogeza! Chumbani kwake tulikaa tukiyamimina polepole yasilie, tukashikwa na kicheko kama wasichana wa miaka kumi na mbili, tukafungana midomo kwa mikono. Miaka kumi na moja tulikuwa wake wa mume mmoja, na siku ile ndiyo ya kwanza kukaa naye nikamfurahia. Nimeipoteza miaka kumi na moja, ninaijutia.

Hili tunalijua watatu, pamoja nawe, na mmoja yuko chini ya udongo. Liyeyushe bamba hili ukimaliza.

Wazee walihesabu, wakahesabu tena, wakatazamana. Wakaita jina la Mezena. Alisimama akatabasamu kama bibi harusi. Ndugu yake ni mzee Diza, mikono inamtetemeka, na watu wakaanza kunong'ona. Nikatoka kwenye mstari wa walioshindwa nikaenda kumshika kiwiko. Mezena akamwambia, "Polepole, Diza, tuna siku nzima." Nilimshika Mezena mkono kwa mkono wangu mwingine. Sikuuachia mpaka nilipojua haunishiki tena. Zaidi ya hapo sitaandika, nawe usiniulize ukifika.

Namlilia mfalme. Namlilia Mezena zaidi. Nimesema.

Mtungi wangu waliuvunja mlangoni. Jana kwenye karamu Mfalme Bithu alirusha mkate, nami nilifikiwa wa mwisho, kipande cha ukoko kigumu kama kwato. Skorilo aliniangalia nione haya. Niliutafuna wote, Dentu, kwa upande wenye meno, na sijawahi kula mkate mtamu kama ule.

Nimechukua chungu kidogo cha maziwa nimekiweka mahali pa mtungi. Sasa naweka mawe yangu mwenyewe. La kwanza nililiweka kwa ajili ya siku ile barua yako ilipofika, siku niliyokuwa na mume amelala maiti ukumbini na mwenye kisu mlangoni. Niliweka jeupe.

Jina la mtoto ninalo. Silitii kwenye risasi. Jina ni la kinywa, mtoto akiwa mapajani. Uliniomba niishi, sikukunyima. Sasa naomba mimi: barafu ikiachia usije peke yako, rudi kwanza Aino ukawachukue wote wawili, mje pamoja. Na kisu cha baba mrudishie Mirto, asije akakosa cha kuparulia samaki.

Dada yako, aliye hai,
Ziaka